Hongera kwa Hitima

Mpwa wangu aliniomba vitu vitatu. Alipiga kwa simu ya matroni, Jumapili jioni, dakika mbili kabla ya kengele ya prepo, na nyuma yake nilisikia wasichana kama kumi wakimhimiza amalize ili nao wapige kwao. "Shikamoo Mjomba. Mahafali ni Jumamosi ya wiki ijayo. Naomba chipsi mayai. Na bikari, yangu imevunjika. Halafu Mjomba, tafadhali, msije wengi." Simu ikakatika kabla sijasema marahaba.

Nilikuwa nimesimama nje ya duka la vipuri, sina kalamu wala karatasi. Nikajiambia vitu vitatu havihitaji kuandikwa.

Tulikwenda watu 36.

Huyu mpwa tunamwita Daktari. Jina lilianza akiwa darasa la tatu, siku alipomfunga kuku wa jirani mguu kwa kipande cha kanga ya mama yake. Kuku alikufa na kanga ilikuwa mpya, lakini ukoo ukaona kipaji. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena anataka kuwa nani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitaja ile simu mbele ya shemeji. Shemeji akamwambia mdogo wake, ambaye kwa Daktari ni Baba Mdogo, na Baba Mdogo ni mtu ambaye ukimwambia unakwenda kununua mkate, anaunda kamati. Ilipofika saa tatu usiku palikuwa na kundi la WhatsApp lenye watu 43, mwenyekiti, katibu, mhazini, na picha ya Daktari akiwa na miaka sita, hana meno mawili ya mbele. Ahadi zikamiminika hadi shilingi 3,200,000. Fedha zilizoonekana kwa macho zilikuwa 1,140,000, na kati ya hizo 200,000 zilitoka kwa ami yetu aliyeko Muscat, ambaye alituma pia ujumbe wa sauti wa dakika sita akiuliza kama siku hizi kidato cha nne ndiyo ndoa. Hakuna aliyemjibu. Mhazini aliandika "pokea shukrani za kamati" na kuweka kikatuni cha keki.

Mambo ya bikari na chipsi nilijaribu kuyasema kwenye kikao cha pili. Mwenyekiti akaniambia nivute subira, yatajadiliwa kwenye mengineyo. Mengineyo hatukuyafikia, maana ajenda ya vitenge vya sare ilichukua saa moja na nusu, na upande wa mume ulitaka kijani, upande wetu zambarau. Ile ya "msije wengi" ndiyo kabisa. Ningeisemaje mbele ya watu waliokwishampelekea fundi vipimo?

Na hapa niseme jambo ambalo limenisumbua miaka mingi. Sisi Watanzania humpongeza mtu kwa kumaliza kabla hajamaliza. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika Septemba na Oktoba, mtihani wa taifa huanza Novemba, matokeo hutoka Januari. Yaani keki inaliwa, ndafu inatafunwa, hotuba zinatolewa, na mtoto mwenyewe bado hajaandika hata namba yake ya mtihani. Nilimuuliza mwalimu mmoja mstaafu kwa nini tusisubiri matokeo. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Ukisubiri Januari," akasema, "nani atachanga?"

Nikaelewa. Oktoba kila mtoto ni daktari. Januari ndipo Baraza la Mitihani linapokuja na pointi zake: 7 hadi 17 daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, na kuendelea kushuka mpaka huko kwenye 34 na 35 ambako hakuna keki.

Kuhusu keki. Dada yangu alimwagiza fundi wa mtaani kwetu kwa ujumbe wa sauti, akiwa sokoni, huku nyuma yake mtu akinadi dagaa kwa kipaza sauti. Maneno yalikuwa "Hongera kwa kuhitimu, Daktari." Keki ilikuja usiku wa kuamkia safari, boksi limefungwa kwa utepe, na kwa kuwa mtoto wa jirani alikuwa anaizunguka kama nzi, dada akaapa haifunguliwi mpaka tufike shule. Wazo zuri. Tungeifungua nyumbani tungepata muda wa kuirekebisha.

Shule yenyewe iko mkoani Morogoro, ya bweni, ya wasichana. Kadi ilisema wazazi wawe wameketi saa tatu asubuhi. Kamati ikapanga tuondoke Dar es Salaam saa kumi alfajiri kwa Coaster ya kukodi. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Sababu ni nyingi lakini kubwa ni sufuria la pilau. Dada alipika kilo 15 za mchele usiku kucha kwa sababu watoto wa bweni, kwa maneno yake, wamekula ugali na maharage miaka minne mpaka damu yao imekuwa ya kahawia. Sufuria hilo halikupita mlangoni. Likapitishwa dirishani, la moto, likishikwa na wanaume wanne waliovaa suti, na Baba Mdogo akiwa nje anaongoza kwa kupunga mikono kama mwongoza ndege.

Coaster ina siti 29. Hesabu mwenyewe. Vijana walikaa kwenye kreti za soda, watoto walipakatwa, na mama yangu, ambaye siku hizi sote tunamwita Bibi, alikataa kupakata wala kupakatwa. Akakaa juu ya mfuniko wa sufuria. "Joto lake linanisaidia mgongo," alisema, na tangu Kibaha hadi Morogoro hakuhama.

Kuna mtu mmoja hakupanda nasi, binamu yangu, mtu asiyechanga. Alisema atakuja na treni. Tukamcheka, maana kijani chake na zambarau chake vyote vingepotea bure huko stesheni. Reli ya SGR ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kubeba abiria, na nauli ya kawaida ya Dar hadi Morogoro ilikuwa 13,000. Treni ile inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Sisi wakati huo tulikuwa tumesimamishwa kando ya barabara, kwenye kibao cha 50, kwa sababu dereva wetu alikuwa anakwenda 71. Askari alichungulia ndani, akatuhesabu kwa kidole, akafika kwa Bibi akiwa amekalia sufuria, akasahau hesabu, akaanza upya. "Haya ni mahafali," akauliza, "au mnahama?"

Makosa mawili, faini 30,000 kila moja. Mhazini alizitoa kwenye fungu la dharura. Wakati anahesabu, simu yangu ikalia: binamu, kutoka Morogoro. Amefika. Anauliza kama tunahitaji chochote mjini, maana ana saa tatu za kupoteza. Nikamwambia kwa ukali kwamba sisi tumejitosheleza.

Tuliingia shuleni saa tano kasoro, tukikimbia, Bibi akiwa kabebwa mkono huku na huku, tukiamini tumekosa kila kitu. Hatukukosa chochote. Mgeni rasmi alikuwa hajafika. Mgeni rasmi alifika saa saba na nusu, na ndipo wahitimu walipoanza kuingia.

Kama hujawahi kuona wahitimu wakiingia, ni hivi. Wanakuja wawili wawili kwa muziki, hatua mbili mbele, moja nyuma, bega linashuka, wanageuka, wanajipangusa vumbi lisilokuwepo, wanaendelea. Kutoka bwenini hadi kwenye maturubai ni kama mita 60. Walitumia dakika 25. Wasichana 118, wote joho la bluu, wote kofia ya pembe nne, wote nywele zimenyolewa chini kwa kanuni za shule. Hata mimi niliyembeba Daktari mgongoni sikumtambua mpaka alipopiga chafya.

Shangazi hakungoja chafya. Huyu ni dada yake shemeji, mwanamke mwenye upendo mkubwa na macho madogo, na miwani anayo lakini huivaa nyumbani tu, kwa sababu inamzeesha. Alikuwa ametengeneza shada la noti kwa mikono yake: wekundu wa Msimbazi watano kwa nje ili waonekane, na ndani buku 35 zilizokunjwa kama vipepeo. Jumla 85,000. Muziki ulipokolea akachomoka kwenye viti, akapiga kigelegele kilichomnyamazisha mshereheshaji, akakata mstari wa wahitimu kama pikipiki inavyokata foleni, na kulivisha shada lile kwenye shingo ya msichana wa saba.

Daktari alikuwa wa thelathini na mbili.

Sisi hatukujua. Tulimwona Shangazi anacheza, tukaenda kucheza. Watu 30 na ushee, kijani na zambarau, tukamzunguka yule mtoto wa watu. Tukamtunza. Baba Mdogo alimpaka unga usoni. Msichana alisimama katikati yetu kwa adabu zote za shule ya bweni, akisema "asante, shikamoo, asante, shikamoo," na nyuma yake familia moja iliyotoka Ifakara ikaanza kupiga vigelegele kwa furaha, maana nao waliona ukoo mzima usiowajua umetokea kumpongeza binti yao. Mama yake alikuja akanikumbatia. Nikamkumbatia. Nikamwuliza yeye ni wa upande gani, wa mume au wa mke.

Ndipo nikaisikia chafya, mbali kidogo, upande wa kushoto.

Wakati ule nilijifunza kwamba lugha yetu tajiri haina sentensi ya kumvua mtoto wa watu shada la noti. Nilijaribu kuanza na "samahani mama, kuna jambo dogo" nikaishia hapo. Yule mama akatazama shada, akamtazama Shangazi akipepesa macho, akamtazama Daktari aliyekuwa amefunika uso kwa kofia. Akaelewa bila kuambiwa. Akalivua mwenyewe, akachomeka humo noti ya 5,000 ili lisiondoke kwao mikono mitupu, akatembea nalo hadi kwa mpwa wangu na kumvisha. Shangazi alivua kanga mpya aliyojitanda, akamfunika nayo binti wa Ifakara, akarudi kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akavaa miwani hadharani.

Hotuba sitazieleza. Mgeni rasmi aliwaasa wahitimu wakawe mabalozi wazuri wa shule yao, kama wageni rasmi wote walivyoasa tangu nikiwa na akili. Wahitimu walisoma risala iliyomwambia kwamba maji hayatoshi, uzio haujakamilika na gari la shule ni bovu. Akaahidi mifuko 50 ya saruji. Bibi, ambaye alikuwa amelala, aliamka kwenye neno "saruji" akapiga makofi peke yake.

Saa tisa alasiri tukaruhusiwa kukaa na watoto wetu chini ya miti. Familia ya Ifakara ikaja kukaa nasi, maana sasa tulikuwa ndugu. Masufuria yakawekwa pamoja. Baba Mdogo akasimama, akatoa neno kwa niaba ya kamati, akafungua boksi la keki mbele ya watu wote.

Keki ya ghorofa mbili, nyeupe, na juu yake kwa herufi kubwa za rangi ya waridi: HONGERA KWA HITIMA DAKTARI.

Kukawa kimya. Bibi akajivuta mbele, akasoma taratibu, herufi kwa herufi, akashika kifua. "Innalillahi," akasema. "Kafa daktari gani?"

Baba Mdogo akachukua kijiko, akajaribu kuigeuza A ya mwisho iwe U. Ikatoka herufi isiyokuwepo katika alfabeti yoyote. Dada alikuwa ameshaanza kumtafuta fundi kwenye simu ili amweleze anachokifikiria, na mtandao, kwa bahati ya fundi, haukuwepo. Ni Bibi aliyetuokoa. Baada ya kuelezwa kwamba hakuna maiti, alifikiri kidogo akauliza tatizo liko wapi basi. Yeye, alisema, alipohitimu msahafu akiwa msichana huko Pangani, walifanya hitima, watu wakala wali wa nazi, na hakuna aliyelia. Hitima ni kukamilisha. Aliyekamilisha kusoma anafanyiwa, na aliyekamilisha kuishi naye anafanyiwa. Neno moja. "Huyu fundi," akamaliza, "kasoma kuliko nyie."

Tukaikata. Ilikuwa keki nzuri.

Lakini mwenye sherehe hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya bwalo, amechuchumaa kando ya tangi la maji, joho la kukodi limekusanywa mapajani, na pembeni yake binamu yangu, mtu asiyechanga, anafungua mfuko mweusi wa plastiki. Ndani yake chipsi mayai kutoka Msamvu. Zilikuwa zimepoa, yai limekuwa gumu kama soli, gazeti limeloa mafuta mpaka habari za michezo zinasomeka upande wa pili. Daktari alikuwa anakula kwa kijiti cha meno, kipande kimoja kimoja, anachovya kwenye kachumbari, anafumba macho. Hakunisemesha. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na pilau ya kilo 15, mbuzi mzima mwenye limau mdomoni, na kamati.

"Nilimpigia na yeye," alisema hatimaye, bila kuinua uso. "Siku ileile. Wewe Mjomba nakujua."

Kumbe binamu aliambiwa yaleyale matatu. Chipsi alileta, na alikuja peke yake, ndiyo maana ya treni. Bikari alisahau hata yeye, nikapata nafuu. Kilipobaki kipande kimoja cha yai, Daktari alikichoma na kijiti akanipa mimi.

Kurudi kulikuwa na yake. Kanuni za shule haziruhusu mwanafunzi kubaki na fedha, kwa hiyo shada tulirudi nalo sisi, likiwa limetundikwa kwenye kioo cha mbele cha Coaster kama hirizi. Tulipopita Mikese tairi la nyuma likapasuka. La akiba nalo lilikuwa pancha. Fungu la dharura lilikuwa limeshakuwa fungu la faini, ahadi zilikuwa bado ni ahadi, na ilikuwa saa mbili usiku. Fundi pancha alitaka fedha mkononi. Hakuna aliyetoa amri. Mkono wa kwanza ulichomoa mwekundu mmoja, tukakubaliana ni mkopo. Kisha dereva akagundua dizeli haitoshi. Kisha Bibi akaona miwa inauzwa dirishani. Tulipofika Dar, saa saba usiku, kiooni palikuwa na waya, utepe na buku moja iliyokataa kutoka kwenye pini.

Jumatatu nilikwenda kununua bikari, shilingi 1,500, nikaituma kwa basi kwa shilingi 5,000. Jioni Daktari akapiga kuthibitisha imefika. Akauliza, "Mjomba, shada langu liko salama?" Nikajibu lipo. Sikusema uongo. Shada lilikuwepo.

Mtihani ulianza Novemba. Siku ya matokeo, Januari, kundi la WhatsApp lililokuwa limelala tangu Oktoba likaamka saa nne asubuhi kwa ujumbe 112. Daraja la pili, pointi 19. Kiswahili A. Biolojia D. Palikuwa na kimya cha dakika kumi hivi, watu wakimfikiria yule kuku. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Muscat, mfupi safari hii, sekunde nane: "Udaktari si wa sindano tu. Kuna na wa Kiswahili." Mwenyekiti akaupitisha kama azimio. Sasa Daktari yuko kidato cha tano, anasoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, na anaonekana mwenye furaha kuliko wakati wote tuliokuwa tunamtibisha watu kichwani mwetu.

Limebaki moja. Katika kuagana chini ya ile miti, masufuria yalibadilishana. Kwa familia ya Ifakara, ikiwa mnasoma hapa: lenu tunalo, zima, tumelisugua. Letu lina nyota ya rangi ya kucha nyekundu chini ya sikio la kushoto, na mfuniko umebonyea katikati, mahali alipokaa Bibi. Tafadhali tutafuteni. Dada yangu amegoma kupika pilau kwenye la kwenu, mahafali ya kidato cha sita ni 2027, na kamati imeshaundwa.